Taya la Mtoto na Seli Isiyokubali Kufa

Mapema Aprili 1961 vita viliingia Kabalo. Serikali ya Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960, ilituma askari kuuteka mji huo wa ukingoni mwa mto Lualaba, mahali reli inayotoka Kamina inapogawanyika: njia moja inakwenda Kongolo, nyingine inashika mashariki hadi Kalemie, mji wa ziwani ambao siku hizo uliitwa Albertville. Tarehe 7 Aprili ndege ilitua katika kiwanja cha Kabalo ikiwa na askari wa kukodiwa wapatao 30. Wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa pale chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliwakamata.

Siku 16 kabla ya hapo, tarehe 22 Machi, daktari mpasuaji kutoka Kampala alisimama mbele ya ukumbi wa hospitali ya Middlesex mjini London kueleza uvimbe aliouona kwenye mataya ya watoto wa Uganda. Mambo haya mawili hayakujuana. Lakini daktari huyo alikuwa ameanza kuchora ramani ya ugonjwa, na Kabalo, mji wa nyuzi 6 kusini mwa ikweta, katika bonde la joto, mvua na mbu, uko ndani kabisa ya ukanda uliokuja kujitokeza kwenye ramani hiyo.

Jina lake lilikuwa Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, na hata hivyo akasomea upasuaji. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia kazi Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Uso wake ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Jipu haliji pande nne kwa pamoja, wala saratani aliyofundishwa chuoni haikuwa na tabia hiyo. Alipiga picha, akaandika, akaendelea na kazi.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akichungulia dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka mbio kwenda kumpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo ndipo jambo lilipomshika asiweze kuliacha. Aliporudi Kampala alifukua mafaili ya hospitali, na akaona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na vimbe kwenye figo, ini au mifuko ya mayai. Magonjwa ambayo kila idara iliyaandika kwa jina lake yalikuwa ugonjwa mmoja. Hata Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu za watoto wa aina hiyo. Waliomfuata walizipita bila kuzisoma kwa makini.

Mtu aliyewahi kuuona ugonjwa huu hausahau. Kwanza jino linalegea. Mama anadhani ni meno ya utoto yanang'oka, na kwa mtoto wa miaka mitano au sita hiyo ni dhana ya haki kabisa. Kisha ufizi unanenepa, meno yanakaa ovyo, shavu linajaa, na jicho linaanza kusukumwa kutoka mahali pake. Seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Katika saratani za binadamu ni chache sana zinazokimbia hivyo.

Burkitt alichapisha taarifa yake mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na haikuwashtua wengi. Mwanapatholojia Mmarekani Gregory O'Conor, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, ndiye aliyeonyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu. Swali la Burkitt lilikuwa jingine: kwa nini hapa ugonjwa upo na kule haupo? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani, majibu yakirudi anachomeka pini kwenye ramani. Pini zikafanya ukanda katikati ya Afrika, pande zote mbili za ikweta, na mkia ukiteremka pwani ya mashariki.

Oktoba 1961, yeye na wamisionari wawili madaktari, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford kwenda kuutafuta mpaka wa kusini wa ukanda huo. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali hadi Afrika Kusini. Kila walikofika walionyesha picha na kuuliza swali lilelile: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Katika historia ya tiba tunasifu mashine, ila hapa chombo kilikuwa albamu ya picha na subira ya kusikiliza wauguzi.

Walichokigundua ni kwamba ukanda haukufuata kabila wala lugha. Ulifuata kimo cha nchi. Karibu na ikweta uvimbe haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyoshuka kusini kikomo hicho nacho kilishuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, aliitazama ramani akasema kilichopimwa si kimo, ni joto. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za sentigredi, au mvua ni haba, uvimbe haupo. Ilikuwa ramani ya mbu. Kwa hiyo wengi wakaamini kuna kirusi kinachobebwa na mbu, kama homa ya manjano. Walikosea kuhusu njia ya kirusi. Kuhusu mbu walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyojua, maana ramani ile ilikuwa pia ramani ya malaria kali.

Bonde la Lualaba ni nchi ya namna hiyo hasa. Kutoka Kabalo hadi Kongolo mto unatambaa taratibu kati ya majani na madimbwi. Lukuga, unaotoka ziwani pale Kalemie, unakuja kuungana nao. Malaria huko haina msimu wa kupumzika. Kongo yote hubeba takriban asilimia 12 ya wagonjwa wa malaria duniani, na inatanguliwa na Nijeria peke yake.

Turudi kwenye ukumbi wa Middlesex. Nyuma kabisa alikaa kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku. Hotuba ilipofika nusu alikuwa ameshaamua kuacha kila alichokuwa akifanya. Walikubaliana: vipande vya uvimbe vikikatwa Kampala vitapakiwa ndegeni Entebbe usiku, na asubuhi vitakuwa London. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande viliruka, vikakatwa, vikawekwa chini ya hadubini ya elektroni. Hakuna kilichoonekana.

Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliifunika London, na ndege ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilifika mezani alasiri, maji yake yakiwa na utusitusi. Kwa kawaida utusitusi ni dalili ya bakteria, na kitu kama hicho hutupwa. Epstein hakukitupa. Aliweka tone moja chini ya hadubini ya kawaida akaona chembe za uvimbe, hai, zimechomoka kwenye kipande njiani na kuelea moja moja. Alikumbuka kwamba chembe za saratani ya panya huoteshwa vizuri zikiwa zinaelea. Akishirikiana na msaidizi wake Yvonne Barr, alizilea hivyo, zikakua. Miezi michache baadaye, Februari 1964, Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa pamoja naye kwenye hadubini ya elektroni, na ndani ya chembe moja wakaviona: virusi vyenye sura ya jamii ya hepesi. Taarifa yao ilitoka katika jarida la The Lancet tarehe 28 Machi 1964. Kwa mara ya kwanza kirusi kilionekana ndani ya saratani ya binadamu, na leo kinaitwa cha Epstein na Barr.

Furaha ilikutana na fumbo. Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia walitengeneza kipimo cha kingamwili, na kikaonyesha kwamba karibu kila mtu mzima duniani ameshaambukizwa. Kirusi hupita kwenye mate. Katika vijiji vya Afrika watoto wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu, bila mama kuona hata homa. Ikiwa kila mtoto wa Kabalo anacho, kwa nini wachache tu huvimba taya?

Jibu la kwanza lilitoka West Nile, Uganda. Kuanzia mwaka 1972 timu ya Guy de-Thé ilichukua damu ya watoto 42,000, kisha ikasubiri. Wale 14 waliokuja kuugua walionyesha kwamba mtoto mwenye kingamwili nyingi mno dhidi ya kirusi hicho alikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzake, mara 30 hivi. Kirusi hakikuwa mpita njia. Lakini kinafanya nini hasa ndani ya seli, hilo damu ya watoto haikuweza kulisema.

Jibu la pili lilitokea Aberdeen, Scotland, kwa watu ambao hawakuwa wakiwaza habari za Afrika. Mwaka huohuo wa 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliandika kwamba seli zina namna mbili za kufa. Moja ni ya ajali: seli inapasuka, inamwaga vilivyomo, na jirani zake wanaathirika. Nyingine ni ya utaratibu. Seli inanywea, inajitenga na jirani, kiini chake kinakazana na kukatika, ngozi yake inatoa mapovu, kisha inavunjika vipande vilivyofungwa vizuri ambavyo jirani huvimeza bila kelele. Kifo hicho wakakiita apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kupukutika. Hakikuwa ugonjwa. Ndicho kinachotenganisha vidole vya mtoto tumboni mwa mama, na ndicho kinachoondoa chembe nyeupe zilizokwisha kazi yake.

Kwa kirusi kifo hicho ni adui wa kwanza. Kirusi hakina kiwanda chake. Kinaazima cha seli. Seli ikihisi imevamiwa na ikajimaliza mapema, mvamizi anakufa nayo kabla ya kuzaa. Hata kinga ya mwili hutumia njia hiyo: chembe za ulinzi huigusa seli iliyoambukizwa na kuiamuru ijimalize. Hivyo virusi vinavyokaa mwilini miaka mingi havina budi kujua namna ya kuufunga mlango huo.

Ili kuelewa vinavyoufunga, fikiria mtumbwi kwenye Lualaba. Ndani ya seli kuna mitokondria, zinazotengeneza nguvu. Protini ziitwazo BAX na BAK zina kazi ya kutoboa ukuta wa mitokondria saa ya kifo inapofika. Ukuta ukitobolewa, kitu kiitwacho saitokromu c huvuja nje na kuamsha vimeng'enya vya kaspasi, ambavyo hukata seli vipande vipande. Protini nyingine, Bcl-2, huwashika mikono watobozi. Na ya tatu, BIM, huja kumng'oa Bcl-2 pale mtumbwi unapopaswa kuzama kwa faida ya wasafiri wengine. Uhai wa seli ni mvutano wa hao watatu, saa 24 kwa siku.

Bcl-2 yenyewe iligunduliwa katika limfoma nyingine katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams huko Melbourne walionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: Bcl-2 haifanyi seli igawanyike, inaizuia isife. Mpaka hapo watu walidhani jeni za saratani ni zile zinazosukuma ukuaji tu. Sasa ilijulikana kuna saratani inayoanza kwa seli kukataa kuondoka.

Msimbo kamili wa kirusi cha Epstein-Barr ulikuwa umesomwa mwaka 1984, herufi zaidi ya 172,000. Watafiti walipoulinganisha na Bcl-2 ya binadamu walikuta kirusi kina nakala yake, jeni iitwayo BHRF1. Kilikuwa kimebeba mshika mikono wake mwenyewe. Mwaka 1991 timu ya Christopher Gregory na Alan Rickinson wa Birmingham ilichukua chembe za uvimbe wa Burkitt zilizokuwa zikifa upesi maabara. Ndani ya baadhi yake kirusi kilikuwa kimewasha jeni zake za maficho, na hizo zikaishi. Mwaka huohuo timu hiyo ya Birmingham, ikishirikiana na Elliott Kieff wa Marekani, ilionyesha kwamba protini moja ya kirusi, LMP1, huifanya seli yenyewe izalishe Bcl-2 kwa wingi. Na mwaka 2005, Markus Altmann na Wolfgang Hammerschmidt wa Munich walitengeneza kirusi kisicho na BHRF1 wala ndugu yake BALF1. Chembe zilizoambukizwa nacho zilikufa kifo cha utaratibu muda mfupi tu baada ya kuvamiwa. Ulinzi unahitajika tangu siku ya kwanza.

Hapa pana kitu ambacho simulizi nyepesi hukiruka. Katika vimbe nyingi za Burkitt kirusi kimezima karibu jeni zake zote. LMP1 haipo, na BHRF1 mara nyingi haipo. Kinajificha kinga isikione. Basi seli inaokolewaje? Utafiti wa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba kirusi, kikiwa bado na jeni zake za EBNA3 zilizo wazi, huifunga jeni ya BIM kwa alama za kikemikali, na alama hizo zinaweza kubaki hata kirusi kikinyamaza. Pia huacha vipande vidogo sana vya RNA vinavyopunguza PUMA, mjumbe mwingine wa kifo. Mvamizi amekaa kimya, lakini kengele ameshaikata waya.

Malaria inaingia hapa. Mtoto anayepigwa na kimelea chake, Plasmodium falciparum, mwezi hadi mwezi huishi na chembe nyeupe za aina ya B zinazochochewa bila kupumzika. Chembe hizo zinapojifunza kutengeneza kingamwili hutumia kimeng'enya, AID, kinachokata DNA makusudi. Mara chache mkato hutokea pasipo pake, na kipande cha kromosomu ya 8 kikaungana na ya 14. Jeni ya MYC iliyokuwa kwenye ya 8 inajikuta kando ya swichi isiyozimwa. MYC huamuru seli igawanyike, igawanyike. Seli yenye afya ikipewa amri ya namna hiyo hujiua, kwa sababu MYC yenyewe huamsha BIM na wajumbe wa kifo. Ni kinga ya ajabu iliyomo ndani yetu. Lakini seli hii ina mgeni wa tangu utotoni aliyekwisha kuinyamazisha BIM. Mbu, mate na mkato mmoja wa DNA vinakutana katika chembe moja, na miezi michache baadaye jino linalegea.

Ujanja huu hauna mwenyewe mmoja. Mwaka 1991 Rollie Clem na Lois Miller walionyesha kwamba kirusi cha viwavi wa nondo hubeba p35, protini inayozuia apoptosisi. Virusi vya ndui ya ng'ombe vina yao, crmA. Na homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza kutoka Kenya mwaka 1921 na ambayo hadi leo humaliza mazizi Kongo, husababishwa na kirusi kilichobeba A179L, nakala nyingine ya Bcl-2. Mfugaji anayewazika nguruwe wake kwa siku moja na mama anayemtazama mwanawe uso ukivimba wanateswa na mbinu ileile.

Burkitt hakungoja kuyajua haya ili atibu. Tangu mwaka 1960 alikuwa akiwapa watoto wa Kampala dawa zilizokuwa mpya wakati huo, methotrexate na baadaye cyclophosphamide. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakiwezi kuondoa uso wa mtoto. Wengine uvimbe uliyeyuka, na hawakuugua tena. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, kikiongozwa na John Ziegler. Miaka michache baadaye Mganda, Charles Olweny, alikishika. Burkitt alifariki mwaka 1993, Epstein mwaka 2024 akiwa na miaka 102.

Leo katika nchi tajiri watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Afrika ya kati ni wachache kuliko hivyo, na sababu si ya kimaumbile. Dawa ni za zamani na si ghali kulinganisha na nyingine za saratani. Kinachomuua mtoto ni muda: uvimbe unaokua maradufu kwa siku mbili haungoji treni irekebishwe kati ya Kabalo na Kalemie, wala barabara ikauke baada ya mvua, wala familia iuze mbuzi ili ipate nauli.

Akifika kwa wakati, hatari ya kwanza inatokana na kufaulu kwa dawa. Cyclophosphamide huharibu DNA za chembe za uvimbe kiasi kwamba kifo kilichofungwa kinapata mlango mwingine, na mabilioni ya seli hufa kwa siku chache. Uchafu wake, potasiamu na asidi ya uriki, humiminika kwenye damu, na figo zinaweza kuzimika. Ndiyo maana saa 24 kabla ya sindano ya kwanza mtoto huanza kupewa maji mengi ya mshipani, na usiku kucha muuguzi hupima mkojo kwenye chupa, mililita kwa mililita. Shavu linashuka kati ya Jumatatu na Ijumaa, na mama anaanza tena kuiona sura anayoijua.